Baba Yangu Ni Dubu

Jumatatu, 4 Machi

Nimekosa udubu! Wiki tatu nzima nimenguruma bafuni, mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kama tuna mgonjwa. Yote kwa ajili ya ile katuni ya Kijapani tunayoitia sauti za Kiswahili pale studio. Wanyama wamefungua mgahawa. Dubu ndiye mpishi mkuu, kobe anapokea wageni, nungunungu anakatakata vitunguu, sungura anaonja kila kitu. Dubu ndiye mwenye maneno.

Leo mwongozaji katangaza. Dubu kapewa mwigizaji mwenzangu, Ngurumo, eti ana sauti ya kifua. Mimi nimepewa "sauti za ziada". Maana yake kutafuna, kupiga chafya, kukoroma na kucheua, kwa niaba ya wanyama wote. Sina hata neno moja. Kobe anasema "karibu", na kobe kapewa dereva wa studio!

Nyumbani binti yangu kanidaka mlangoni. Yuko darasa la tatu, haachi kuuliza. Baba, umepata? Nikasema nimepata. Nani? Mdomo ukajibu wenyewe: dubu. Alishangilia mpaka mama yake akatoka jikoni. Halafu akaomba simu ampigie bibi yake, yaani mama mkwe wangu, ambaye kila tukionana huniuliza nitaanza lini kazi. Sikumzuia.

Jumanne, 5 Machi

Nimetafuna toka asubuhi. Karoti sita, matango mawili, mkate mkavu. Mwongozaji kila mara ananisimamisha. Eti sungura wangu anatafuna kama mzee mwenye meno ya bandia, nitumie meno ya mbele. Nikatumia ya mbele. Nikajing'ata ulimi. Ule mlio kaupenda, kampa nungunungu.

Ngurumo angekuwa na maringo ningemchukia kwa raha. Lakini kaja na chupa yake ya chai, kikombe cha kwanza kanimiminia mimi, kaniita kaka, kasema kazi yangu ndiyo ngumu kuliko yake. Mtu wa namna hii utamfanya nini?

Jioni nikaendelea na mazoezi ya karoti sebuleni, nikidhani niko peke yangu. Binti akatokea na habari. Kamwambia mwalimu wake. Mwalimu kaamua darasa zima, watoto arobaini, waangalie kipindi cha kwanza pamoja shuleni, Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Mgeni rasmi ni mimi. Nikasema vizuri sana. Vizuri sana! Nina akili timamu kweli?

Jumatano, 6 Machi

Nimepata njia. Ngurumo akipoteza sauti, udubu unarudi kwangu, na uongo wangu unakuwa kweli. Simdhuru mtu. Nanyoosha mambo tu.

Ngurumo ana ugonjwa mmoja: mpira. Nikamwalika uwanjani alasiri, timu yake ilikuwa inacheza. Mimi mpira siujui, lakini nilivaa jezi ya wapinzani makusudi, nikakaa ubavuni mwake. Kila timu yake ikikosea, nacheka. Alipiga kelele dakika tisini. Alimfokea refa, akamfokea kipa, akanifokea na mimi. Mwishoni alikuwa anaongea kama mlango usiotiwa mafuta. Mimi vumbi lilinijaa puani, nahisi mafua. Si kitu.

Nimerudi najiona mshindi. Najiona mchafu pia. Nimeoga mara mbili.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu tupu.

Ngurumo alifungua mdomo mbele ya kipaza sauti, ikatoka mikwaruzo mitupu. Nikasogeza kiti karibu na mlango wa chumba cha kurekodia, tayari kuitwa. Mwongozaji akavua hedifoni. Machozi yakamlengalenga. Akasema huyo ndiye dubu! Mpishi aliyefokea watu miaka thelathini kwenye moshi! Wakarekodi upya maneno yote ya dubu kwa sauti ile ile.

Kisha akamuuliza kaipata wapi. Ngurumo akaninyooshea kidole, akasema kwa hisani ya kaka yangu huyu. Studio nzima ikanipigia makofi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Halafu mafua yakanishika kweli. Chafya za nungunungu zilikubaliwa zote bila kurudia. Mwongozaji kasema hajapata kusikia chafya yenye uchungu kama ile.

Ijumaa, 15 Machi

Mke wangu alikuwa anafua, akaikuta ratiba ya studio mfukoni mwa suruali. Imeandikwa wazi nani ni nani. Akaisoma, akaianika kwenye kamba pamoja na nguo, ilipokauka akaniletea. Hakunifokea. Alisema tu nimwambie mtoto mwenyewe, kabla televisheni haijamwambia. Afadhali angenifokea.

Nikaenda chumbani kwa mtoto, nikakaa kitandani. Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, anapaka rangi boksi alilolikunjua. BABA YANGU NI DUBU. Akaniuliza kama nina kitu cha kumwambia. Nikasema ndiyo. Akaacha brashi, akasubiri. Nikamwambia hiyo kahawia imekolea vizuri.

Akanitazama kidogo, kisha akaendelea kupaka.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeamka nikajifunga skafu shingoni, eti sauti imekauka. Pia nilipanga kukaa karibu na swichi ya ukutani. Umeme ukikatika, nani atanilaumu? Mwalimu akanikalisha mbele kabisa, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa, mbali na swichi.

Dubu akaanza kufoka jikoni kwake. Watoto arobaini wakageuka kunitazama. Nikajitia kukohoa. Mtoto mmoja mwenye pengo akasema kwa sauti kwamba yule si mimi. Akasema tena. Jasho likanitiririka chini ya skafu.

Hapo nungunungu akamwaga unga, akapiga chafya. Tatu mfululizo, na ule mguno wa mwisho ninaoutoa tangu utotoni. Binti yangu akaruka juu. Huyo ndiye Baba! Kobe akakoroma mapokezi. Na huyo ni Baba! Sungura akatafuna. Baba! Darasa zima likaanza kunitafuta kwenye kila mnyama, na kila wakinipata ni vifijo.

Mwenye pengo akauliza, basi mbona bango linasema dubu? Binti yangu akamjibu bila hasira yoyote. Baba alidanganya kwa sababu anaionea haya kazi yake. Yeye alijua tangu siku ya karoti, maana mtu wa dubu hakai sebuleni kujifunza kutafuna. Alikuwa anasubiri nimwambie mwenyewe.

Nimeumbuka mara nyingi maishani, lakini si nikiwa mgeni rasmi. Skafu nikaivuta mpaka puani. Mwalimu akanionea huruma, akaniomba chafya moja. Nikapiga. Walinishangilia kuliko dubu.

Tukarudi nyumbani mwanangu kanishika mkono. Njiani nikamwapia kwamba sitasema tena uongo, mdogo wala mkubwa. Akasema sawa, Baba.

Jumapili, 17 Machi

Nimelala usingizi mzuri. Bango limewekwa nyuma ya kabati. Mke wangu kanitengea chai bila kuombwa.

Saa sita simu ikalia. Mama mkwe! Nikampa shikamoo yake. Akasema jana ameangalia kipindi na majirani zake, na yule dubu amemliza. Kumbe miaka yote hii alikuwa ananionea, mkwe wake ana kipaji, anaomba nimsamehe. Mama mkwe kuniomba radhi mimi! Alhamisi atakuja na majirani wanne, wamsikie dubu kwa masikio yao.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Mashavu yakaniwaka. Nikavuta pumzi. Nikamwambia mama asante sana, karibuni sana.

Nilipokata simu, mtoto alikuwa ameshalitoa bango nyuma ya kabati. Akauliza kama alirudishe ukutani. Nikashindwa kumtazama usoni. Nikasema ndiyo, mpaka Alhamisi tu.

Sasa nahitaji mikwaruzo. Jumatano kuna mechi. Nimempigia Ngurumo, nimemwomba avae jezi ya wapinzani, akae ubavuni mwangu, anicheke.