Machungwa ya Rangi ya Kopo

Jumatatu, 15 Juni 1987

Shangazi Magreth amefika kutoka Turiani na kikapu kitupu. Dalili mbaya. Anayekuja na kikapu kitupu amekuja kuchukua kitu.

Baada ya ugali nikajua kitu chenyewe ni mimi. Shangazi alisema nimemaliza kidato cha nne, sikuchaguliwa kuendelea, na nimekaa hapa Bigwa nikihesabu mabati. Yeye ana bata arobaini na hana mtu wa kuuza mayai. Baba alikuwa ananyonya chungwa. Hasemi neno baada ya chakula mpaka chungwa liishe, kwa hiyo tulimsubiri. Alitema mbegu ya mwisho akasema nikipata kazi mjini kabla ya Jumapili, nitabaki. Nisipopata, nitaondoka na shangazi baada ya misa.

Bata siwaogopi. Naogopa gulio. Mayai huuzwa gulioni, na gulioni lazima upaze sauti. Mimi hata kuitikia jina darasani niliitikia kwa kunong'ona. Mwalimu aliniandika mtoro miaka minne.

Jumanne, 16 Juni

Nimekwenda dukani kwa Bwana Dharmesh. Miaka mitatu iliyopita duka lake lilikuwa na chumvi, viberiti na Bwana Dharmesh mwenyewe. Sasa kuna sabuni za rangi tatu na rafu nzima ya makopo ya unga wa machungwa kutoka nje. Nilisimama nyuma ya nguzo mpaka aliponiuliza kama nangoja mvua. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu huku nikiitazama mizani.

Naye ana shida. Makopo hayatoki. Watu wanayainua, wanayatikisa, wanauliza chungwa liko wapi humo, kisha wanatoka nje kununua machungwa. Aliweka machungwa kando ya makopo ili waone ni kitu kilekile. Lakini chungwa la kwenye kopo ni la manjano, na yetu hata yakiiva ni ya kijani. Mama mmoja alitazama kikapu, akatazama kopo, akasema, "Mmoja wao anaumwa."

Tumekubaliana. Nimpelekee kikapu cha machungwa ya rangi ya kopo kabla ya Jumamosi adhuhuri, naye atanipa kazi ya kupanga bidhaa stoo, kule nyuma, ambako hakuna mtu wa kuongea naye. Sijawahi kusikia kazi nzuri kama hiyo.

Jumatano, 17 Juni

Jibu limepatikana! Ndizi ni za kijani. Ukizivundika shimoni zinakuwa za manjano. Machungwa ni ya kijani. Nashangaa hakuna aliyewahi kufikiri.

Nimechimba shimo nyuma ya jiko, nikatandika majani ya mgomba, nikapanga machungwa, nikawasha moshi, nikafukia. Ndizi hukaa siku tatu. Chungwa ni dogo, kwa hiyo siku moja.

Jirani yetu, Mzee Mikidadi, aliona ardhi inafuka moshi akamwaga ndoo mbili za maji. Kisha akasimama angoje shukrani. Nilimshukuru, hakusikia. Akamuuliza mama kama nyumba hii watoto hawafundishwi kusema asante.

Alhamisi, 18 Juni

Nimefukua. Ya kijani vilevile, na yananuka kama samaki wakavu. Baba alilichukua moja baada ya chakula, akalinyonya lote kimya, kisha akamuuliza mama leo mboga ilikuwa samaki gani. Akaomba jingine.

Mpango wa pili: bizari. Nimechemsha machungwa katika sufuria kubwa ya mama pamoja na bizari yote iliyokuwa ndani. Matokeo: sufuria ya manjano, mwiko wa manjano, mimi wa manjano hadi viwikoni, na usoni nilipojifuta jasho. Machungwa yamekuwa na rangi ya shati la mgambo. Nimesugua kwa sabuni na jivu. Sufuria imetakata kidogo. Mimi bado.

Ijumaa, 19 Juni

Asubuhi shangazi aliniona kwenye jua. Akanigeuza viganja, akanishika kidevu, akamwita mama. Akasema hili ni ini.

Nilitaka kueleza. Lakini nilipofungua mdomo walikuwa wameshafika watu watano, na mbele ya watu watano mimi siwezi. Walipokwenda kuleta mkeka nikawaza: mgonjwa hauzi mayai. Nikalala. Nikaguna kidogo. Shangazi akaniambia nigune vizuri, hasikii panapouma.

Mchana wakaja wageni. Huwezi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, na hapa kwetu hakuna anayeumiza kichwa abebe nini. Mzee Mikidadi, machungwa sita. Mama wa kwaya, kumi. Mwalimu aliyeniandika mtoro, manne, na akasema hakuwahi kujua kama nina sura. Yote ya kijani. Kila mgeni alinimenyea moja akanikodolea macho mpaka nilimalize. Nimenyonya kumi na moja. Sasa naumwa kweli, ila tumbo.

Jumamosi, 20 Juni

Mapema alifika Bibi Mwanaasha, rafiki wa marehemu bibi yangu, kutoka Tegetero juu milimani, kikapu kichwani. Akafunua kitambaa.

Ya manjano. Yote. Kama kopo!

Akaomba radhi kwa rangi. Alisema huko juu baridi huyageuza hivyo, na ni makali kidogo, ila mgonjwa hachagui. Nusura niinuke nimkumbatie. Nikakumbuka nina ini.

Winfrida, binti wa mama mdogo, alikuwa amekaa miguuni pangu akimalizia machungwa ya kwaya. Wageni walipotoka nikamnong'oneza mambo yote. Akanitaka nirudie. Akanitaka nirudie tena, mara hii kwa raha zake. Nikamtuma akimbize kikapu dukani kabla ya adhuhuri, aseme kimetoka kwangu mimi, Eufrazia.

Amerudi saa nane amevaa aproni ya buluu. Anasema hakukusudia. Alianza kumweleza Bwana Dharmesh kuhusu mimi, wateja wakasogea kusikiliza, naye hawezi kueleza jambo bila mikono, na mkononi alikuwa na kopo. Wakanunua saba. Bwana Dharmesh akasema mwenye kazi ndiye huyu. Kwangu ametuma pole, na machungwa mawili ya kijani yaliyokuwa yamebaki.

Jumapili, 21 Juni

Kazi imekwenda. Nimebaki na ugonjwa tu. Nikaamua kuufanya kwa bidii. Sikwenda misani. Niligunia dirishani ili wanaopita wasikie.

Baada ya misa shangazi aliwatangazia wote kwamba dawa ya ini ni juisi ya miwa, asubuhi na jioni. Kisha akauliza ni wapi penye miwa mingi kuliko Turiani. Tulimsubiri baba amalize chungwa. Akasema, "Basi aende akapone."

Nikasimama. Mbele ya watu tisa, kwa sauti, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikasema siumwi. Nikasema ni bizari. Nikasema nilikuwa nayapaka machungwa rangi ili yafanane na kopo.

Mama akaanza kulia. Shangazi akanigusa paji la uso, akasema ini limeshapanda kichwani, tuondoke sasa hivi.

Jumatano, 24 Juni, Turiani

Bizari imetoka yenyewe. Shangazi anaitangazia mitaa yote kwamba ni miwa. Watu wanakuja kunitazama viganja, na mimi lazima niwaonyeshe.

Bata wana adabu. Hawaniulizi kitu. Lakini kesho ni siku ya gulio, na shangazi ameshanipangia mayai na maneno ya kuyanadi.

Nimefikiri sana. Kosa langu lilikuwa ini. Ini lina dawa Turiani. Mguu hauna, na gulio liko mbali. Nimeanza kuchechemea leo saa tisa, mguu wa kushoto. Saa kumi na moja shangazi akaniuliza mbona sasa ni wa kulia. Nikamwambia maumivu yamehama. Ametoka kwenda kumuuliza jirani dawa ya maumivu yanayohama.

Kesho nitajifunga uzi kwenye mguu unaouma, nisisahau tena ni upi.