Malalamiko ya Mwalimu Mkuu wa Yanagidaira Kuhusu Elimu Mpya

Shule ya Msingi Yanagidaira,
12 Februari 1947

Kwa Luteni Hadley,
Afisa wa Elimu, Jeshi la Kigeni Linaloikalia Japani

Mheshimiwa Luteni,

Baada ya heshima nyingi, natumaini baridi ya milima yetu haikusumbui sana ndani ya jipu lako. Mimi ni Kuwabara Tokuji, mwalimu kwa miaka thelathini na mitatu. Mwezi ujao kamati yenu itaamua kama nabaki shuleni au naondolewa. Dodoso lenu nimelijaza. Naambatisha na malalamiko yangu, ili muelewe ni nani hasa anayestahili kuondolewa.

1. Vitabu. Hadi katikati ya mwaka juzi, mwanafunzi alikiinamia kitabu kabla ya kukifungua, na aliyekiweka sakafuni nilimchapa. Kisha ikaja amri: kila kinachonuka vita kipakwe wino mweusi. Watoto walewale, kwa brashi zilezile nilizowafundishia mwandiko mzuri, wakapaka asubuhi nzima. Hesabu ya ndege za kivita ikafutika yote, likabaki swali tu: "Zimebaki ngapi?" Darasa zima likaitikia: "Hata moja, Mwalimu!" Wino ukapenya hadi upande wa pili, ukaimeza hadithi ya sungura, ambaye sina habari kama aliwahi kupigana na mtu yeyote.

2. Uwanja. Mmeagiza watoto wacheze mpira wa gongo katika uwanja wa shule. Uwanja huo sasa ni shamba la viazi vitamu, na viazi hivyo ndivyo chakula cha mchana cha watoto mia moja na arobaini. Tafadhali tufafanulie kama demokrasia huliwa mbichi au huchemshwa.

3. Maswali. Mmewaambia watoto wajadiliane. Sasa Sayo wa darasa la sita, ambaye zamani hakuthubutu hata kukohoa mbele yangu, ameinua mkono: "Mwalimu, kama yale tuliyoyapaka wino yalikuwa uongo, mbona ulitupiga tulipoyasahau?" Nikamwambia hilo ni somo la kesho. Kesho yake, hata sijavua koti: "Ndiyo leo, Mwalimu?" Nchi itajengwaje na watoto wa namna hii?

4. Ngoma. Ulikuja mwenyewe na santuri, ukatufundisha ngoma ya duara ya kwenu, wanaume na wanawake tushikane mikono. Nina miaka hamsini na sita. Mke wangu sijapata kumshika mkono hadharani, na siku hiyo nilizungushwa kama pia mbele ya wanafunzi wangu. Mzee wa posta akanipigia kelele: "Mwalimu Mkuu, tabasamu basi, hii ndiyo amani!" Nikatabasamu. Na hilo liandikwe katika jalada langu.

5. Akina mama. Hiki chama chenu cha wazazi na walimu ndicho kilichonichosha kabisa. Zamani akina mama walikuja shuleni, wakainama, wakaondoka. Jumamosi iliyopita Bi Ine, mjane auzaye tofu, ile jibini ya soya, alisimama kabla sijamaliza hotuba yangu juu ya uhuru wa kusema. Akauliza: "Mwalimu Mkuu, Eikichi wangu anarudi lini?" Jambo hilo halikuwamo katika ajenda. Nikamweleza kwa upole kwamba kijana alijitolea mwenyewe kwenda Manchuria, kule kaskazini mwa China, na kikosi cha vijana wakulima, tena fomu ya ridhaa ya mzazi ina muhuri wa nyumba yake, ambao kwetu ndio saini. Akasema: "Muhuri ule sikuupiga mimi. Na wewe unajua." Akina mama wote wakanigeukia. Hakuna aliyeinama.

Kwa hiyo naomba amri hizi zifutwe, chama hicho kivunjwe, nami nithibitishwe kazini. Mtu aliyetii kila amri ya serikali iliyopita bila kuuliza hata swali moja, zenu zitamshindaje?

Nisalimie mkalimani wako, ambaye namsihi asilainishe neno hata moja, na dereva wako, na mkeo huko ng'ambo, pamoja na wote wanaotutakia elimu.

Wako mtiifu,
Kuwabara Tokuji,
Mwalimu Mkuu

Nyongeza: Nilikwisha kufunga bahasha, nimeifungua tena. Swali la kumi na saba la dodoso linauliza kama niliwahi kumshawishi mwanafunzi yeyote kwenda ugenini kwa ajili ya vita. Niliandika "Hapana". Wilaya ilinidai vijana wanne, nami nilikuwa nimepata watatu. Bi Ine alinikatalia mara mbili, nyumbani kwake, huku akinimiminia chai. Ndipo nikamwita Eikichi ofisini. Nilimwambia kwamba mwanamume hangoji ruhusa ya mama yake, na kwamba muhuri wa marehemu baba yake bila shaka uko kwenye droo ya kabati. Alikuwa na miaka kumi na minne. Kesho yake aliniletea fomu, alama ya muhuri bado mbichi, nikamsifu mbele ya darasa. Tangu Agosti ya mwaka juzi, Warusi walipoivamia Manchuria, hajaandika barua. Badilisheni jibu langu liwe "Ndiyo", na shule apewe mwingine. Leo jioni nakwenda kwa Bi Ine kumwambia mwenyewe, kabla kamati haijamwambia.