Viza ya Natalie na Mbuzi Wetu

Jumatatu, 6 Machi

Salamu kwanza, maana sijui kuanza kuandika bila salamu. Baba Kamande, u mzima huko kwa ng'ombe? Kamande mwanangu, hujambo na pikipiki yako isiyopona. Cucu, mama mkwe wangu, miguu inaendeleaje? Natalie, mgeni wetu wa chumba cha nyuma, pole sana. Mimi Wariara ni mzima, namshukuru Mungu, ila roho haijatulia.

Natalie ni Mbelgiji. Alikuja hapa kwetu Bahati kununua maua ya pareto ya chama chetu cha akina mama. Leo ametoka uhamiaji Nakuru. Wamekataa kuongeza viza yake ya biashara! Eti hiyo ni ya kuja kuangalia biashara, si ya kuiendesha. Atoke kabla viza haijaisha, halafu aombe kibali cha mwekezaji akiwa kwao.

Natalie anasema ni sawa. Sawa gani! Maua yetu atanunua nani? Na nani ataniita Mama asubuhi akitaka chai? Nimemwambia atulie. Nafikiria.

Jumatano, 8 Machi

Jirani yangu Wamaitha ameshauri avuke Busia, alale Uganda, arudi kama mgeni mpya. Natalie amekataa, hataki ujanja. Wamaitha amenicheka, eti huyo mzungu wangu ana msimamo kunishinda.

Lakini nimepata! Sisi Wakikuyu, mtu asiye na ukoo anazaliwa kwa mbuzi. Wazee wakichinja, ni mtoto wa nyumba. Sasa mtoto wa Mkenya anafukuzwa Kenya aende wapi? Baba Kamande ameuliza kama uhamiaji wanajua habari ya mbuzi. Nimemwambia mbuzi anajulikana kila mahali.

Jumamosi, 11 Machi

Imefanyika! Natalie amevishwa ngozi ya mbuzi mkononi, amepewa jina la Cucu. Cucu amelia. Natalie amelia. Baba Kamande, aliyekuwa akinung'unika tangu Jumatano, amesimama mbele ya wazee akasema huyu ni damu yake, atakayemgusa amemgusa yeye. Asante Mungu kwa huyu mwanamume.

Jumatatu, 13 Machi

Uhamiaji. Nimevaa nguo ya kanisa. Nimeinua mkono wa Natalie, afisa aone ngozi. Kijana mwenye adabu, anaitwa Kipngetich. Amecheka mpaka akatoa kitambaa. Amesema, mathe, hongera kwa kupata msichana, lakini sheria haina mbuzi. Aondoke kwa wakati, rekodi yake ibaki safi, kibali kitamngoja.

Nikauliza, je, akiolewa na Mkenya? Amesema ndoa ya kweli ni njia, ila si ya haraka, na wao huchunguza.

Mimi nimesikia njia. Kamande hana bibi!

Jumanne, 14 Machi

Nimewawekea Natalie na Kamande chai, nikatoka kutafuta kuku ambaye hajapotea. Wamecheka sana, nimesikia kwa dirisha. Nimemkimbilia Baba Kamande, tutume wazee mara moja.

Ameacha kukamua. Ameuliza kama niko sawa. Jumamosi nimemzaa, Jumanne namwoza kwa ndugu yake?

Mungu wangu! Hata sikufikiria! Na mbuzi tumemla mpaka kichwa.

Wamaitha amepata habari, sijui kwa nani. Amesimama kwa ua akapaza sauti: Mama Kamande, huyo ni binti yako ama ni bibi ya kijana yako? Amua, tujue tutamsalimia aje!

Ijumaa, 17 Machi

Natalie ameenda. Amepanga chama kiendelee kumtumia maua huko kwao. Ngozi ameenda nayo mkononi. Amenikumbatia akasema hata wakimnyima kibali, sasa ana kwao huku, atakuja kama mtu anayerudi nyumbani. Nimempa mahindi ya kuchoma, ale njiani.

Nashukuru. Kweli nashukuru. Mipango nimeacha.

Jumapili, 19 Machi

Nimetoa shukrani kanisani. Mchungaji akiwa katikati ya maombi, nimefunguliwa macho. Natalie haolewi na Kamande kwa sababu wote ni watoto wangu. Basi wa kuzaliwa kwa mbuzi hakuwa Natalie, ni Kamande! Wamaitha hana kijana wa kiume. Kamande akizaliwa kwa ukoo wa Wamaitha, hapa si ndugu ya mtu tena. Na Cucu bado ana mbuzi mmoja mweupe.

Nimemtumia Wamaitha ujumbe hapo hapo kwa benchi: ongea na mzee wako, na unijibu haraka, kabla Baba Kamande hajafungua macho kwa maombi.