Mjomba Aliyepokewa kama Mgeni

Makote, Newala

Kwa Baba Rahima,
Mwenyekiti wa Kamati ya Posa ya Hamida.

Shikamoo. Mimi Salmini, kaka yake Esha, yaani mjomba wa Hamida, nakuandikia kwa uchungu lakini kwa adabu, kuhusu programu ya kutambua wanaoingia, mliyomruhusu Anderson, yule kijana wenu wa kompyuta, aiweke kwenye simu ya getini.

1. Huku kwetu posa hujibiwa na mjomba. Jumamosi wageni wa Masasi walifika kuposa, nami nikafika. Simu ikaniita Mgeni. Nikapelekwa kwenye turubai, katikati ya watu wa upande wa mwanaume, nikapewa pilau. Pilau sina ugomvi nalo.

2. Anderson anasema kwenye programu yake kila mtu ni Mgeni kwanza, na chini ya Mgeni ndiyo kuna aina: Mkwe, Mtani, Mjomba. Mimi aliniandika Mjomba, naapa nimeona. Ila programu ikiwa kazini humshika kila mtu kwa lile jina la juu, kisha huuliza swali moja tu: huyu ni Mtani? Eti kwa sababu watani huficha masufuria. Mimi si mtani, basi ikaishia hapo. Ujomba wangu ulikuwemo ndani mzima mzima, hakuna aliyeuulizia.

3. Watu wa Masasi wakakaa kumsubiri mjomba. Nami nikamsubiri, nikidhani ukoo umeteua mwingine. Nikawaunga mkono kwamba mjomba huyo hana heshima. Wakaondoka bila jibu. Hamida analia mpaka leo, na roho inaniuma.

4. Kwa hiyo naomba programu imuulize kila anayepita, pale pale getini, yeye ni nani hasa. Imuulize mchumba, isije ikawa naye ni Mgeni tu. Imuulize mbuzi. Nawe Mwenyekiti uulizwe, maana tangu Jumamosi sina uhakika nawe.

5. Posa irudiwe.

Nisalimie wote nyumbani, na Anderson pia, ila yeye msalimie kidogo.

Ndimi wako katika ukoo,
Salmini (MJOMBA)

N.B. Anderson ameshairekebisha. Leo asubuhi nimepita kujaribu. Imenitambua mara moja, na hapo hapo ikanisomea kazi za Mjomba: kutoa mbuzi, kuwalisha watu wa Masasi mpaka wachoke, na kusuluhisha kila ugomvi wa ndoa hiyo maisha yangu yote. Tafadhali nirudishieni ugeni wangu. Hamida anyamaze, posa imekubaliwa. Waambieni watu wa Masasi jibu limetoka kwa mgeni mmoja.