Mbolea Yangu Imepatikana kwa Sufuria

Wenzangu, leo uso nimeuficha kwa leso. Wacha niseme mwenyewe kabla Nekesa hajawafikia.

Shamba langu la Matulo mnalijua. Sukuma wiki katikati, dhania na rosemari pembeni za kufukuza wadudu. Wanjiru wa Kitale, yule hupelekea hoteli mboga zisizo na dawa, alisema atanunua zote. Sharti ni moja. Mitoo, ile mboga yetu chungu, niipande kati ya mistari lakini nisiichume. Niizike ikiwa mbichi, ioze, iwe mbolea.

Kuzika mboga! (Mama yangu Nabwile angefufuka anichape.) Nikazika mstari mmoja, karibu na geti. Ile ingine yote tukala.

Leo saa tano Wanjiru huyo, na Barasa mkaguzi wake. Barasa akashika jembe. Akachimba... pale pale karibu na geti. Majani yameoza vizuri.

"Mitoo yote umezika hivi, kukhu?" akaniuliza, kama mimi ni nyanya yake.

"Yote, mwanangu." (Na jana nilikuwa kanisani!)

Akatoa kalamu atie sahihi. Nikaona rosemari yangu ikienda Kitale. Hapo ningewaaga. Lakini mgeni atoke kwangu bila kula? Ati watu waseme nini? Na kwa sufuria kulikuwa na... mnajua. Nikajipa moyo. Nimechanganya na kunde, nikatia maziwa, nani atajua?

Wakanawa. Tukaomba. Barasa hajameza tonge la kwanza, Nekesa jirani akaingia na bakuli tupu.

"Kukhu, asante kwa mitoo ya jana! Si uniongezee, ama ile mistari ya chini pia mmemaliza?"

Nikamkonyeza. Hakuona. Nikakohoa.

"Na mlikula haraka, bana!"

Wanjiru akaangalia sahani. Akaniangalia mimi. Akaangalia sahani tena.

"Shosho, hii tunakula ndiyo mbolea yetu?"

Nikajifanya ugali umenikwama. Nekesa akanipiga mgongo kwa huruma. (Huruma gani hiyo!)

Barasa akarudisha kalamu mfukoni. "Panda tena, kukhu. Siku ya kuzika utuite, tuone kwa macho."

Kwa hivyo msimu huu Kitale hakuendi kitu. Lakini huyo Barasa, baada ya kusema hivyo, alisukuma sahani yake mbele nimwongezee!

Msinicheke. Sukuma iko, dhania iko, mnunuzi hakuna. Na mbolea ameimaliza mkaguzi.