Wimbo wa Edwina na Mwizi Mwenye Kodiani

Jumanne, 4 Februari
Ruddock kaja na pai ya nyama. Pole nyingi, macho chini. Kisha akatoa la moyoni: anaomba wimbo wa marehemu Edwina. Ule wa msichana anayeswaga mabata bukini kutoka Norfolk hadi London.

Hapa kijijini kila wimbo una mwenyewe. Akiwa hai, huugusi mbele yake. Akifa, watu wanaanza kuleta pai.

Nilikataa. Nilisema mke wangu aliniachia mimi. Ruddock akacheka. Eti, "Wewe, mzee? Hata kengele ya mlangoni inakushinda sauti!"

Pai niliila. Ilikuwa tamu, kwa bahati mbaya.

Jumatano, 5 Februari
Mtu mmoja redioni kasema nyimbo zetu za kale zimekufa, tunapamba maiti tu. Mwenye akili huyo! Laiti Ruddock angemsikiliza.

Nimefanya mazoezi bafuni. Jirani akauliza kupitia ukutani kama nimefuga mbuzi.

Edwina alikuwa akisimama kabla ya ubeti wa mwisho, anywe funda la bia. Koo lake lilikauka haraka. Akinywa, ananitazama mimi.

Jumapili, 9 Februari
Siku ya kuimba, baa ya Plau. Mpango wangu ulikuwa safi kabisa. Zamu huanzia mekoni, pale penye moto wa baa, na kuzunguka. Nikawahi kiti cha mekoni kabla ya chakula cha mchana. Nikaungua goti.

Thelma mwenye baa akatangaza leo tuanzie mlangoni, kwa mabadiliko. Mabadiliko! Mlangoni alikaa nani? Ruddock, na kodiani lake mapajani.

Hakupata hata kufungua kinywa. Niliruka, nikaimba. Ubeti wa kwanza, wa pili. Wa tatu ukayeyuka.

Ruddock akaudaka, polepole. Baa nzima ikamfuata. Wezi wote!

Kabla ya ubeti wa mwisho wakanyamaza ghafla. Wakainua glasi pamoja. Funda moja. Wakaendelea.

Nilimuuliza binti mpiga fidla aliyehamia hapa Krismasi, mbona wanakunywa katikati ya wimbo. Akanishangaa. "Si ndivyo ulivyo, babu? Bwana Ruddock ametufundisha. Amesema hapo pa kunywa pasirukwe, hata glasi ikiwa tupu."

Hakumwona Edwina hata mara moja.

Nilitoka nje. Moshi wa mekoni uliniingia machoni.

Jumatatu, 10 Februari
Mtu wa redio alisema kweli. Wimbo umekufa, umeuawa na wizi. Wameiba hadi kiu ya mke wangu!

Jumapili ijayo nakaa mlangoni.

Jana Ruddock alikohoa sana, tena kikohozi kibaya. Sijapoteza muda. Asubuhi hii nimeanza kujifunza wimbo wake wa mkata nyasi, pamoja na pale katikati anapojikuna sikio.

Kesho naoka pai.