Kadi ya Bei ya Pikipiki

Jumatatu, 3 Novemba
Samahani, shajara. Tangu mtoto aanze kutambaa sijaandika hata mstari. Leo nina sababu. Kadi imefika! Kile kibao kinachochora picha ndani ya kompyuta, tena kile kikubwa kuliko vyote. Bei yake pikipiki mpya. Mume wangu Junhong akauliza kama inapika na wali. Nikamwambia atulie, naijaribu tu, duka linakubali kurudishiwa ndani ya wiki. Nataka kujua kama inastahili bei yake. Kujua tu! Jumamosi filamu ninayotengeneza ya utoto wa bibi harusi Yawen itaonyeshwa karamuni. Ikimpendeza meneja wa ukumbi, kazi zote za harusi zitakuwa zangu.

Jumanne, 4 Novemba
Kadi haienei. Nimeacha ubavu wa kompyuta wazi, kadi inachungulia nje. Wifi yangu Peiling, anayekaa ghorofa ya chini na naye hutengeneza filamu za harusi, akasema kadi yake ya bei nafuu inaliza wageni vilevile. Wivu huo! Nimeweka juu ya mashine pakiti ya bisi ili isigome, hirizi ya mashine katika ofisi zote za Taipei. Pakiti za kijani zilikuwa zimeisha. Nikachukua ya njano.

Jumatano, 5 Novemba
Filamu ilikaribia kwisha, mashine pu! Ikazima. Wifi akaja mbio. Wee wifi, una wazimu? Njano ni ya kula, kijani ndiyo ya kazi! Nikambeba mtoto, nikazunguka maduka mvuani hadi nikapata ya kijani. Nikawasha. Pu! Junhong akasoma boksi. Kadi inataka umeme mara mbili ya unaotolewa na kisanduku cha umeme cha kompyuta yetu. Mke wangu, akasema, umemkaribisha tembo kwa kikombe cha uji.

Alhamisi, 6 Novemba
Wifi ameniazima kisanduku chake kikubwa. Kumbe anacho! Filamu ikakamilika kabla chai haijapoa. Wiki iliyopita kadi yangu ya zamani iliitengeneza filamu hiyohiyo kwa usingizi wote wa mchana wa mtoto, nami nikilala naye. Leo mama mkwe akachungulia: mashine si imemaliza? Njoo umenye machipukizi ya mianzi. Nikamenya huku nasinzia.

Jumamosi, 8 Novemba
Kabla ya wageni kuingia nikamwonyesha meneja filamu mbili, ya kadi mpya na ya kadi ya zamani. Sikumwambia ipi ni ipi. Akachagua ya zamani. Hii, dada, inaonekana kabisa ni ya gharama! Mama yake Yawen akalia mpaka wanja ukachuruzika. Kazi nimepewa.

Jumapili, 9 Novemba
Junhong kaniambia nirudishe kadi. Nimerudisha. Mimi si mbishi. Ila nimewaza: kosa si la kadi, ni la kioo cha kuonyeshea filamu pale ukumbini. Nimewaandikia watu wa duka waniletee kisanduku cha umeme kikubwa, boksi la kompyuta pana, kioo kipana, feni tatu, na ile kadi inayotoka mwezi ujao. Nyeupe, tafadhali. Ile nyeusi niliyorudisha haikuonyesha uwezo wake.